Watu Watatu, Mjomba Mmoja

Mie nilidhani viza ni muhuri. Unakwenda, unagongewa, unapanda ndege. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Aliyetunga msemo huo hajaomba viza.

Mpwa wangu yuko Muscat, anauza simu kwenye duka la watu. Kapata chuo Ujerumani, akanipigia saa tano usiku: "Shikamoo mjomba." Moyo ukanilipuka. Mtoto wa dada akikuamkia saa hizo, ujue ana kazi ya kukupa. "Nahitaji karatasi chache tu hapo nyumbani."

Chache tu! Niko wiki ya sita.

Cheti cha kuzaliwa tulikikuta kwenye sanduku la marehemu bibi yake, kimekunjwa mara nane ndani ya leso, kinanuka karafuu na naftalini. Kinasema Hemedi Saidi. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hemed Said Mbaruku. Pasi inasema Hemed Said Mbarouk, na hiyo "ou" ilikotoka tutaulizana siku nyingine. Sasa Mjerumani humwambii, "Ni yule yule bwana, mtoto wa Mwanahawa, Ngamiani nzima inamjua." Nikakanyaga baiskeli hadi kwa wakili, nikaapa kwa maandishi kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Wakili akasoma, akatikisa kichwa, akagonga muhuri, akanitoza kama wako watatu kweli.

Nikapeleka steshenari zikaskaniwe. Kijana ananiuliza, "Mzee, unataka PDF?" Nikamwambia mie nataka zifike Muscat, hiyo nyingine abaki nayo. Ukurasa wa pili, umeme ukakata.

Lakini yote tisa, kumi ni akaunti. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani lazima aonyeshe ana pesa za kula mwaka mzima, na wengi huonyesha kwa akaunti ya kufungiwa: unaweka yuro 11,904, zaidi ya milioni 30 zetu hizi, wanazifunga. Ukishafika, wanakufungulia yuro 992 kwa mwezi. Pesa zako, jina lako, jasho lako, ila ukitaka zaidi unasubiri mwezi ujao. Kijana kadunduliza miaka minne, pungufu tukachangishana ukoo. Mie nimetoa mbuzi wawili, mmoja ana mimba.

Pale kwenye kahawa watu wakashika vichwa: pesa ya mtu inafungiwaje na mwenyewe yu hai? Mie sikushangaa hata chembe. Akaunti ya namna hiyo ninayo mwaka wa 22, inaitwa mama Zainabu. Naweka yote, natolewa kidogo kidogo, na kila nikitolewa naulizwa ya juzi nilifanyia nini.

Halafu kuna barua. Ajieleze kwa nini kachagua Ujerumani. "Mjomba, niandike nini?" Nikamwambia kaa, nikupe maneno. Andika hivi: nyie mlipokuja Tanga mlimwandikia nani barua? Mlishuka tu, 1893 mkaanza kutandika reli ya kwenda Usambara, mkajenga hospitali pale Bombo, wala hatukuwauliza akaunti yenu ina kiasi gani. Novemba 1914 Mwingereza alipowavamia kwa meli, nyuki wetu waliingia vitani akatimuliwa mpaka baharini. Wazee husema nyuki wale waliuma pande zote mbili, lakini hilo usiliandike.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao. "Mjomba," akasema taratibu, "wanataka kujua habari za kozi."

Haya, kozi. Karatasi zangu nne, nimeziandika kwa mkono pande zote mbili, zimefungia maandazi.

Jana saa tano usiku, "Shikamoo mjomba." Cheti cha kuzaliwa hakifai. Pale kilipokunjwa, mwaka umelika, hawajui kazaliwa lini. Kinatakiwa kipya, na asubuhi niwahi foleni. Baiskeli ina pancha. Nikamwamsha mama Zainabu, nikamweleza kwa adabu zote: nauli ya bajaji, kwenda na kurudi, ada ya cheti, na chai kidogo maana foleni ile haina huruma.

Akakaa kitako, akafungua fundo la khanga, akahesabu mara mbili gizani, akanipa elfu mbili.

"Hiyo ya mwezi huu," akasema, akalala.