Mradi ukiisha, nani anaifagia njia ya baiskeli?

Nimesoma makala iliyoeleza vizuri jinsi miradi ya kuhamasisha baiskeli mijini inavyofifia mfadhili akiondoka, lakini lawama imewatupia wananchi, eti hawajabadili tabia. Hapo sikubaliani kabisa. Mtu aliyefundishwa kuendesha na kupewa kofia ngumu ataendeleaje ikiwa njia imejaa mchanga, magari yameegeshwa juu yake na alama zimefutika?

Tazameni Seville, Hispania. Kuanzia 2006, ndani ya miaka michache tu, walijenga njia zilizotengwa na magari na zilizoungana zenyewe kwa zenyewe, na safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa. Bogotá, Kolombia, nako, Ciclovía (mpango wa kuwaachia barabara waendesha baiskeli na watembea kwa miguu) ilianza 1974 na hadi leo barabara kubwa zinafungwa kwa magari kila Jumapili, kwa sababu ni kazi ya jiji, yenye bajeti na watu wake.

Kwa hiyo kila mradi uulizwe kabla ya kuzinduliwa: fungu la matengenezo liko kwenye bajeti ya manispaa? Nani atahesabu waendesha baiskeli miaka mitano baadaye? (Hili linasahaulika mno, na bila takwimu diwani hana cha kutetea kwenye kikao.) Na mafundi je? Baiskeli ya msaada isiyopata vipuri inaishia stoo. Heri wafadhili wagawe baiskeli chache, wawafundishe mafundi wa mtaani, wanawake wakiwemo, na kuwaachia vifaa vya kazi.