Kiwanda cha gesi cha Seattle: sumu ifukuliwe au ifunikwe?

Siku ya jua, kilima cha Gas Works Park mjini Seattle, Marekani, hujaa watu wanaorusha tiara. Kilima hicho hakikuwekwa na Mungu. Ni vifusi vya misingi ya kiwanda, vilivyorundikwa na kufunikwa udongo safi, nyasi zikapandwa juu. Hapo jirani imesimama minara ya chuma iliyoshika kutu, mali ya kiwanda kilichotengeneza gesi ya mji kuanzia 1906 hadi 1956, kwanza kwa makaa ya mawe, baadaye kwa mafuta. Gesi ilikwenda majumbani kupikia. Lami, benzini na aseniki, masalia yenye sumu ya kazi hiyo, vikabaki ardhini na kwenye ukingo wa Ziwa Union.

Jiji lilinunua eneo hilo mwaka 1962, na diwani Myrtle Edwards alikuwa mstari wa mbele kulitaka liwe bustani ya umma. Alipofariki mwaka 1969 bustani ikapewa jina lake. Kisha akaja mbunifu wa mandhari Richard Haag, akasema mitambo isibomolewe. Familia ya marehemu ikachukizwa, ikaomba jina la mama yao liondolewe. Naielewa familia hiyo. Kwa waliovuta moshi wa mahali pale kwa miaka, minara ile haikuwa urithi hata kidogo. Ilikuwa uchafu uliosimama wima.

Haag alishinda, na bustani ikafunguliwa mwaka 1975. Jengo la mashine za kusukuma gesi likageuzwa banda la michezo, mashine zenyewe zikapakwa rangi kali, na watoto wakaparamia magurudumu ambayo babu zao walikatazwa kuyakaribia. Kuhusu udongo, Haag hakutaka uchimbwe wote na kuhamishwa. Alichanganya vumbi la mbao na tope la majitaka kwenye udongo ili kuwalisha bakteria wanaokula mafuta. Kwa miaka ile lilikuwa wazo la ujasiri, na tena la bei nafuu, jambo ambalo hakuna baraza la jiji linalolichukia.

Lakini bakteria nao huchagua chakula. Mafuta mepesi huyamaliza upesi kiasi. Lami nzito huichezea miaka na mikaka. Aseniki hawaifanyi lolote, kwa kuwa ni elementi: haiozi wala haichakai. Mwaka 1984 vipimo vilipoonyesha kwamba sumu bado ipo, bustani ilifungwa kwa muda, ikafunguliwa baada ya tabaka jingine la udongo kuwekwa. Baadaye zikaja pampu za kupuliza hewa ardhini ili kuitoa benzini. Na kuna nyakati lami imejipenyeza hadi juu ya nyasi, mafundi wakaenda kuizoa.

Wanaotaka kufukua hushika hapo hapo. Kama mahali panahitaji kufunikwa tena na tena, wanasema, basi hapajasafishwa, pamefichwa. Hoja yao ina nguvu, na wanaoijibu kwa picha nzuri za machweo nyuma ya minara hawajaijibu.

Udhaifu wake ni kwamba udongo uliofukuliwa lazima ulazwe mahali. Malori yatapita mitaani yakitimua vumbi lenye sumu, yamwage mzigo kwenye dampo lililo karibu na watu wengine, mara nyingi wasio na diwani wa kuwapigania. Mji mmoja unasafika, mwingine unapokea. Sioni uendelevu gani hapo, isipokuwa kwa yule anayeuza viwanja vya ghorofa baada ya kazi.

Ujerumani walikuwa na nafasi ya kuchagua njia ya tatu. Kiwanda cha chuma cha Meiderich, Duisburg, kilifungwa mwaka 1985, na mbunifu Peter Latz akakigeuza bustani ya takriban hekta 180. Tangi la gesi lilijazwa maji, leo watu hupiga mbizi ndani yake. Kuta za maghala ya madini hukwewa kwa kamba. Udongo mbaya zaidi ulifungiwa ndani ya baadhi ya maghala hayo ya zege. Mwenye hekta 180 anaweza kuifunga kona moja na hakuna atakayelalamika. Seattle ina hekta kama nane tu, zimebanwa kati ya nyumba na ziwa.

Kuna tatizo jingine ambalo sidhani Haag alilipigia hesabu. Mwaka 2013 bustani iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na ubunifu wake wa mandhari ulikuwa sehemu ya sababu. Kwa maneno mengine, kifuniko chenyewe sasa ni urithi. Atakayetaka kukichimba kilima cha tiara ili kuona kilichomo atapambana na wahifadhi walewale waliokuwa wakitetea minara.

Pamoja na hayo, mimi nipo upande wa kufunika. Ila kufunika kuitwe kwa jina lake: ni deni lisilo na tarehe ya mwisho. Fedha za kupima maji ya ardhini, kuongeza udongo na kuzoa lami zitengwe kabla utepe haujakatwa, kwenye mfuko ambao baraza lijalo halitaweza kuukomba kujengea barabara. Seattle ilibahatika: kampuni ya gesi ilikuwa na mrithi, Puget Sound Energy, ambaye hugawana na jiji gharama za usafishaji. Viwanda vingi hufa bila mrithi, na bili humfuata mlipa kodi.

Kazi ngumu zaidi, hata hivyo, iko majini. Mashapo, yaani tope lililotuama chini ya ziwa, mbele ya bustani yana sumu ileile, na hapo huwezi kumwaga udongo na kupanda nyasi. Watu wanaruhusiwa kukaa ukingoni wakiangalia mashua. Kuogelea, au hata kutia miguu majini, ni marufuku.