Kitanda hakizai haramu, maabara je?

Wazee wa pwani walikuwa na neno la kumaliza ubishi: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, basi, hata kama pua yake ni ya jirani. Fiqhi, sheria ya Kiislamu, inasema hivyohivyo, mtoto ni wa firashi, yaani kitanda cha ndoa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo, kifungu cha 118, inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndoa ikiwapo, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, kuwa ni wa mume, ila ithibitike kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana. Hakimu wa Kiingereza na kadhi wa Lamu hawakupatana kwa mengi, lakini hapa walikaa mkeka mmoja.

Sasa amekuja mtu wa tatu, wa maabara, na kijiti chake cha pamba. Anasugua ndani ya shavu la mtoto, la mama na la anayetajwa kuwa baba, kisha anasoma sehemu chache maalumu za vinasaba (DNA). Katika kila sehemu mtoto ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Sehemu kadhaa zikikataa kulingana, huyo siye. Zikilingana zote, jibu linaandikwa kuwa uwezekano wa asilimia 99.99 na ushei. Mia kamili haiandikwi, na ukitaka kujua kwa nini, fikiria tu kwamba pacha wake wa kufanana angepata jibu hilohilo.

Vijiweni jibu hilo limezaa jibu kubwa zaidi. Kila maabara ikitaja hesabu za waliopimwa, mtu anainuka na kusema nusu ya wanaume wamebambikiwa watoto. Huko ni kusimama gereji ukatangaza kwamba magari yote ya Dar es Salaam ni mabovu. Anayekwenda kupima ana shaka tayari. Mwaka 2006 mtafiti Kermyt Anderson alikusanya tafiti za nchi mbalimbali akazitenga: miongoni mwa wanaume wenye shaka, karibu 30 kati ya 100 hawakuwa baba wa watoto wale, miongoni mwa wasio na shaka, ni kama 2 au 3. Shaka ina maana yake, lakini haimhusu kila mume.

Tanzania iliweka mlango mbele ya maabara. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Matumizi ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, huingii kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na mwanao mkononi ukaomba kupimiwa kama unayepima malaria. Ombi lipite kwa mamlaka inayotambuliwa: mahakama, wakili, ustawi wa jamii. Wanaume wengi wanaona mlango huu umejengwa kuwaficha wanawake. Mimi mwenyewe hoja yao siidharau. Anayetakiwa kulipa ada, chakula na matibabu kwa miaka kumi na minane anaambiwa ukweli upo, ila aombe ruhusa ya kuusikia.

Ila wanaolalamika hivyo husahau nani aliyefaidika zaidi na kipimo hiki. Kabla yake, binti aliyeambiwa "mimba si yangu" alikuwa na neno lake tu dhidi ya neno la mwanamume, na mbele ya baraza la ukoo tunajua neno la nani lilikuwa zito. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Bila njia ya kumjua baba, ibara hiyo ingebaki maandishi tu. Kwa binti huyu mlango wa Tanzania una kasoro nyingine kabisa: safari, nauli, barua, kusubiri. Mwenye pesa huuzunguka, anatuma mate ya mtoto nje ya nchi bila mama kujua. Mahakama haina haja ya kuipokea karatasi inayorudi, lakini nyumba imekwisha kuvunjika.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya 2009 pia, ina busara ambayo haizungumzwi sana. Vinasaba ni ushahidi mmojawapo wa uzazi. Vimewekwa pamoja na jina lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, mila iliyofanywa na baba kwa mtoto, na kumkiri mtoto mbele ya watu. Waliotunga walijua kwamba kuna baba wa damu na kuna baba wa kukiri, na kwamba mara nyingine hao ni watu wawili.

Hapo ndipo maabara inapokwama, na ushahidi wake uko Nairobi. Mwaka 2008 Marekani ilianza kuwapima wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao Marekani. Majaribio yakapelekwa pia katika nchi nyingine hadi kufikia watu kama 3,000. Familia ambazo undugu wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Nyingine ama zilikosea angalau kiungo kimoja, ama zilikataa kupimwa, ama hazikutokea. Mpango wa kuunganisha jamaa ukasimamishwa hadi 2012. Waongo walikuwemo, sina shaka, na nafasi waliyoichukua ilikuwa ya mtu mwingine. Lakini mtoto aliyeokotwa njiani na shangazi, baba yake akiwa ameuawa, ameitwa "mwanangu" tangu siku ile. Kiswahili kina baba mkubwa na baba mdogo. Maabara ina baba mmoja.

Wala si kwamba kipimo ni adui wa wahamiaji. Kesi ya kwanza ya undugu kuamuliwa kwa vinasaba, Uingereza mwaka 1985, ilikuwa ya kijana wa familia ya Kighana ambaye maofisa wa uhamiaji walikataa kuwa ni mtoto wa mama yake. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipima, kijana akabaki na mamaye. Karatasi za ofisi ndizo zilizokosea.

Na kwa maiti hakuna wa kubishana. Shakahola, msitu wa pwani ya Kenya ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi isiyotambulika kwa sura. Hata hivyo vinasaba havisemi peke yake, vinataka ndugu aliye hai atoe sampuli. Pale ambapo nyumba nzima ilikwenda msituni, nani alinganishwe na nani? Miili ya kwanza ilikabidhiwa mwishoni mwa Machi 2024.

Nikipima yote, ningeuacha mlango wa Tanzania mahali pake ila ningeupanua upande mmoja. Anayedai matunzo ya mtoto apimiwe upesi, karibu na kwao, kwa gharama anayoimudu. Anayetaka kumkana mtoto aliyemlea miaka kumi na kumpa jina lake asubiri, aulizwe kwanza atalifanyia nini jibu. Tatizo ni mtoto mwenyewe akishakua. Leo anayeanza kuuliza mara nyingi huanza matangani, baba akiwa kaburini na msimamizi wa mirathi akiandika majina. Hapo kilichobaki ni kuwapima watoto wa ndani, na kwa ndugu wa baba mmoja jibu halina nguvu kama la mzazi na mwana. Tena wa kukubali kutoa mate ni walewale ambao fungu lao litapungua.