Kujenga kanzidata kutoka msimbo chanzo: nani atabaki kuilea?

Mfanyabiashara mmoja wa machungwa hapa Ngamiani, Tanga, ambaye mzigo wake hutoka Muheza, alinipigia simu asubuhi baada ya umeme kukatika usiku. "Mwanangu, njoo mbio, hesabu za watu zimepotea." Nilimkuta karani ameduwaa. Kompyuta inawaka vizuri, mfumo endeshi wake, Ubuntu, umefunguka, lakini programu iliyobeba madeni ya wakulima haiipati kanzidata yake ya PostgreSQL, ghala la data zenyewe.

Hesabu hazikuwa zimepotea. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari lake la miamala kabla ya kugusa mafaili ya data. Umeme ukikatika ghafla, ikiwashwa tena hulisoma daftari hilo na kujirekebisha. Shida ni kwamba hakuna aliyeiwasha. Kijana aliyeiweka miaka kadhaa nyuma hakutumia pakeji ya Ubuntu, yaani programu iliyokwisha andaliwa tayari kusakinishwa. Alishusha msimbo chanzo wa toleo la 14, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na waundaji, akaukompaili mwenyewe (akaugeuza kuwa programu inayoendeshwa), kisha akahamia Dar es Salaam bila kuacha maelekezo ya kuifanya iamke pamoja na kompyuta. Mpwa wa karani, katika kuhangaika, akaongeza psql ya pakeji, programu ya kuzungumza na kanzidata, nayo huitafuta soketi (faili maalumu la mawasiliano) ndani ya /var/run/postgresql, wakati kanzidata iliyojengwa kwa mkono huiweka ndani ya /tmp. Hata nilipoiwasha, psql ile ilikuwa kama mgeni anayepiga hodi mlango wa mbele ilhali wenyeji wote wako uani.

Tangu siku hiyo vijana ninaofanya nao kazi wanabishana. Wapo wanaosema fundi hasa hujenga mwenyewe, na wapo wanaosema kujenga mwenyewe ndiko kulikomponza mzee wa machungwa. Naona wote wanaitazama siku ya kusakinisha tu, na uzito wa jambo hili uko kwenye miaka inayofuata.

Wanaotetea ujenzi wana hoja. Toleo kubwa la PostgreSQL hutoka kila mwaka: la 17 lilitoka Septemba 2024, la 18 Septemba 2025. Ubuntu 22.04 ilikuja na la 14 na inabaki nalo, 24.04 ikaja na la 16. Si uzembe, hufanywa makusudi ili mambo yasimgeukie mtumiaji katikati ya kazi. Lakini pengo linauma. Amri ya MERGE, inayoingiza rekodi mpya na kusahihisha za zamani kwa mkupuo mmoja, ilianza toleo la 15. Bakapu iliyotengenezwa na pg_dump (chombo cha kutoa bakapu) ya 17 kwa muundo wake maalumu, pg_restore (chombo cha kuirejesha) ya 14 huikataa. Ofisi ikiletewa faili kama hilo kutoka tawi jingine, itabaki kulitazama tu.

Halafu kuna elimu, na hapa niko upande wao kabisa. Mwanafunzi anayepita ./configure (kukagua mashine), make (kujenga), make check (kujaribu) hadi make install (kusakinisha) hutoka na kitu ambacho kubofya hakumpi. Atakwama kwa kukosa maktaba ya readline. Toleo la 16 litamdai ICU, maktaba ya lugha na herufi, la 17 litamdai zana za Bison, Flex na Perl. Kila kosa litamwonyesha programu imejengwa juu ya nini, na make check itaendesha majaribio zaidi ya 200 mbele ya macho yake. Furushi lenyewe halifiki megabaiti 30, unalipitisha kwa flashi darasa zima bila kumaliza bando la mtu, ingawa kompaila na maktaba nazo zina ukubwa wake.

Upande wa pili unaanzia siku kazi inapoonekana imekwisha. Marekebisho madogo ya PostgreSQL hutoka kwa ratiba ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, na mengi huziba mianya ya usalama. Pakeji huyapokea kupitia masasisho ya mfumo. Iliyojengwa kwa mkono haijulikani na mfumo endeshi, kwa hiyo hakuna wa kuikumbusha. Nilipoiuliza ile ya machungwa toleo lake, ilijibu 14.1, la Novemba 2021. Marekebisho yote yaliyofuata yaliipita, na hakuna aliyejua. Hili liliniogopesha kuliko soketi, maana soketi angalau ilipiga kelele.

Kuna wanaoniambia msimbo chanzo ni salama zaidi kwa kuwa uko wazi. Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Kipande kilichouamsha kilikuwa kwenye mafurushi rasmi ya msimbo chanzo, na kilikuwa kimeshafika kwenye pakeji za majaribio za Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Njia zote mbili ziliguswa. Lakini mwenye pakeji aliletewa tiba. Aliyejikompailia ilimpasa asikie habari mwenyewe na achukue hatua mwenyewe.

Isitoshe, waendelezaji wa PostgreSQL wana hazina yao ya pakeji, apt.postgresql.org, yenye matoleo yote yanayotunzwa, na unaweza kuweka la 14 na la 17 pamoja, kila moja na mlango wake wa mawasiliano (port). Hiyo inaondoa sababu nyingi za kukompaili kwenye mashine ya kazi. Anayetaka kubadilisha msimbo au kusoma, ajenge hata leo, kwenye kompyuta yake na kwa --prefix (mahali pa kusakinisha) ya folda yake. Kwenye mashine yenye madeni ya watu ningekubali kwa sharti moja: awepo mtu anayejulikana kwa jina, atakayekompaili upya kila marekebisho yatokapo.

Kwa mzee nilichukua bakapu ya kila kitu kwa pg_dumpall, nikaweka toleo la 17 kutoka hazina ile, nikarejesha data. Mimi na karani tukalinganisha madeni ya wakulima na daftari la mkono, mmoja mmoja, hadi alasiri. Yalilingana yote, yule kijana alijenga vizuri. Folda ya /usr/local/pgsql nimeiacha mpaka msimu upite. Nyuma ya mashine kuna karatasi ya amri tatu, ya kuwasha, ya bakapu na ya kurejesha, kwa mwandiko wa karani mwenyewe.