Bei ya Kuitwa Bosi

Kila niendapo mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, kutafuta dagaa wa mboga ya jioni, huwa nimeshaitwa bosi kabla sijauliza bei. Kandambili zangu zimefungwa kwa waya na mfukoni nina hela ya kisado kimoja tu, lakini bosi ni bosi, na bosi haombi kupunguziwa. Jirani yangu, ambaye humwita muuzaji yule yule mwanangu naye akaitwa mama, hupimiwa kisado chenye kilima na kuongezewa kiganja juu. Mimi hurudi nyumbani na cheo.

Enzi za TANU, ahadi ya mwanachama ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waziri aliitwa Ndugu, na mfagizi wa ofisi yake naye aliitwa Ndugu. Sisemi kwamba walikula sahani moja (tusidanganyane), ila mtu uliyemwita Ndugu uliweza kumuuliza jambo ukiwa umesimama wima. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Mheshimiwa naye akazidi kunawiri, akatoka bungeni na kushuka hadi mitaani kwetu.

Juzi tuliitwa mkutanoni kuzungumzia mabomba yaliyokauka, katika mji huu unaolitazama Ziwa Tanganyika, ambalo ni la pili duniani kwa kina. Mzee mmoja alisimama akiwa amekunja uso, nikajua leo patachimbika. Akaanza na Mheshimiwa Diwani, akaenda kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, akawapitia waheshimiwa wajumbe mmoja mmoja, akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, akashukuru kwa kupewa nafasi hiyo adhimu, akapongeza kazi kubwa inayofanyika. Na alipoyafikia maji yenyewe, ile hasira aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imekwisha njiani, swali likawa ombi, na ombi likapigiwa makofi. Mheshimiwa aliahidi kulichukua. Amelichukua kweli, maana hatujaliona tena.

Wasemao kwamba Ndugu amekufa hawajawahi kudaiwa. Bili ya maji hayo hayo imeletwa, na juu yake imeandikwa: Ndugu mteja, lipa deni lako kabla hujakatiwa huduma. Nataka kwenda kumuuliza Mheshimiwa ni huduma gani hiyo nitakayokatiwa, ila bado naandaa itifaki.