Waliosomea nyumbani wakifika chuo kikuu: tunawahesabu akina nani?

Mtoto aliyefundishwa na mama yake sebuleni tangu herufi za kwanza, akifika chuo kikuu ataweza? Swali hili huulizwa na ndugu na majirani, na mzazi mwenyewe hujiuliza usiku watoto wakishalala.

Watetezi wa elimu ya nyumbani wana jibu, na hulileta kutoka Marekani, ambako elimu hiyo ni halali katika majimbo yote 50. Mwaka 2010 mtafiti Michael Cogan alichapisha rekodi za chuo kikuu kimoja nchini humo. Waliosomea nyumbani walipata alama za juu kuliko wenzao, na asilimia 66.7 kati yao walihitimu, ilhali kwa wanafunzi wote kwa jumla ni asilimia 57.5.

Mimi naliamini tokeo hilo, ingawa waliosomea nyumbani hawakufika hata mia. Mwaka wa kwanza chuoni, mwanafunzi hukabidhiwa orodha ndefu ya vitabu na kuambiwa insha inatakiwa baada ya wiki sita. Hakuna kengele, hakuna wa kumfuatafuata. Aliyezoea kusukumwa hushtuka wiki ya tano. Aliyekuwa akijipangia siku yake tangu ana miaka 12 anakaa chini jioni ileile, anagawa kurasa kwa siku zilizobaki, anaanza. Hiyo ni mali kubwa, na hata mimi ningependa mwanangu awe nayo.

Lakini tazama ni nani aliyehesabiwa. Cogan aliwahesabu waliokwisha kuvuka lango. Msichana aliyefikisha miaka 18 bila kugusa aljebra, kwa sababu asubuhi zake zote ziliishia kulea wadogo zake, hayumo katika jedwali lile. Hakuomba hata nafasi.

Ndiyo maana utafiti wa Ying Chen na Tyler VanderWeele wa Harvard, uliotoka mwaka 2021, una uzito wa pekee kwangu. Wao hawakuanzia chuoni. Walifuatilia watoto zaidi ya 12,000 wa wauguzi kuanzia ujanani hadi utu uzima. Waliosomea nyumbani walielekea zaidi kujitolea kwa ajili ya jamii na kusamehe wenzao. Wale wanaotabiri kwamba watakuwa watu wa kujitenga watafakari hapo. Ila walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata shahada kuliko waliosoma shule za umma. Idadi yao humo nayo ilikuwa ndogo, lakini sioni kama tafiti hizi mbili zinapingana. Waliofika chuoni wanafanya vizuri. Wanaofika ni wachache.

Kukosa shahada si kushindwa maisha. Fundi seremala mwenye kazi yake na amani yake hana deni kwa mtu. Kinachoniuma ni yule ambaye hakuchagua, aliyekuta mlango umefungwa na watu wanaompenda.

Tena neno "nyumbani" lenyewe linaficha mengi. Huko Kanada, Sandra Martin-Chang na wenzake walilinganisha mwaka 2011 watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule. Waliokuwa na mpango wa masomo waliwatangulia wenzao wa shule. Walioachwa wajifunze watakavyo walikuwa nyuma. Kwa hiyo mzazi anayesema "watoto wa nyumbani hufaulu" bado hajasema lolote kuhusu nyumba yake.

Serikali nazo zimekwenda pande mbili za mbali. Ujerumani inalazimisha shule, na Januari 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiunga mkono katika shauri la familia ya Wunderlich. Katika majimbo ya Texas na Idaho, Marekani, mzazi halazimiki hata kuijulisha serikali kwamba anafundisha nyumbani. Ya kwanza inamnyima haki mzazi anayefundisha vizuri. Ya pili inamwacha peke yake mtoto asiyefundishwa. Ningependa mtu wa nje, mwalimu asiye ndugu, akae na mtoto mara moja kwa mwaka, amsikilize akisoma na kumpa hesabu chache. Akigundua kwamba kijana wa miaka 14 hawezi kujumlisha sehemu, imebaki miaka minne ya kurekebisha. Akigundua hilo wakati kijana ameshafikisha miaka 18, kijana ndiye atakayelipa.