Ramani ya mjusi adimu: ichapwe au ifichwe?

Mwongozo wa reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki hauwezi kukosa ramani. Kuna vyura wanaofanana kama mapacha, na njia rahisi ya kuwatofautisha ni kujua umesimama mlima gani. Lakini ramani hiyohiyo yaweza kumwelekeza mkamataji wa wanyama wa kuuza. Ndipo ubishi ulipo: mwandishi aweke nukta palepale msituni, au apake rangi wilaya nzima na kunyamaza?

Wanaotaka kunyamaza wana hoja nzito. Mwaka 1999 mjusi wa kusini mwa China, Goniurosaurus luii, alielezwa kisayansi pamoja na mahali anapoishi. Wakamataji wakamfuata, akatoweka pale alipogunduliwa. Hapa kwetu yuko mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, Lygodactylus williamsi. Anaishi kwenye miti ya jamii ya mkadi, na wakamataji wamekuwa wakiikata ili wamfikie, hivyo hata wanaobaki hukosa makazi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliamua kumwingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

Hata hivyo mfano huo wa Kimboza hauwasaidii sana kama wanavyodhani. Mjusi huyu alielezwa mwaka 1952, na eneo lake ni dogo kiasi kwamba ukishautaja mti wake, msitu umeshautaja. Tena mfanyabiashara wa wanyama haanzii kitabuni. Humtafuta mwenyeji anayeujua msitu. Ukificha ramani, anayebaki gizani huenda akawa ofisa mipango wa wilaya.

Giza hilo lina gharama. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, Tanzania. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Vikafungwa vinyunyizio, na vyura mia kadhaa wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Halafu ugonjwa wa kuvu nao ukaonekana bondeni. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilitangaza kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 waliozaliwa kifungoni wakaanza kurudishwa. Hakuwindwa na mtu. Alijulikana kwa kuchelewa, na mhandisi hawezi kukwepa nukta ambayo haijachorwa.

Kwa hiyo naona swali la kwanza liwe: mnyama huyu anauawa na nini? Chura anayetishiwa na bwawa au shamba achorewe nukta bila woga. Mjusi mwenye soko apewe ramani pana, kama iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, inavyofanya kwa spishi zilizo hatarini, ikionyesha eneo lenye upana wa kilomita takriban ishirini badala ya mahali halisi. Koboko na kifutu hawana haja ya mjadala. Wameenea, na zahanati inahitaji kujua nyoka gani wapo jirani.

Kinyonga wa Usambara ndiye anayevuruga kanuni hii, maana anauzwa na msitu wake unakatwa. Kwake ningechapa ramani pana, na nukta kamili ziende kwa Wakala wa Huduma za Misitu na halmashauri kabla kitabu hakijaingia sokoni.